Baldur's Gate ya kwanza: toleo lipi, kanuni zipi, kikosi gani

Anayetaka kuanza Baldur's Gate ya kwanza leo ana mambo matatu ya kuamua kabla hajampa mhusika wake jina: atumie toleo lipi, aweke ugumu kiasi gani, na asafiri na nani. Ushauri mwingi huishia kwenye hilo la kwanza, tena kwenye picha tu: hili lina picha safi, lile picha zake zimechakaa. Mimi naona picha ndiyo tofauti ndogo kuliko zote, kwa sababu macho huzoea upesi. Kinachobadilika kweli kutoka toleo moja hadi jingine ni kanuni za mapigano, na kanuni ndizo zinazoamua kama sura za mwanzo zitakutia hofu au utazipita ukitamba. Kwa mchezo huu hilo ni jambo kubwa, maana utamu wake umejengwa juu ya kuanza ukiwa dhaifu.

Kwa asiyeujua, maelezo mafupi. Baldur's Gate ilitengenezwa na BioWare na kuchapishwa na Interplay mwezi Desemba 1998, ikiwa kwenye CD tano. Kanuni zake ni za toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa dadu na karatasi, na mahali pake ni pwani ya Sword Coast katika ulimwengu wa Forgotten Realms. Wewe ni yatima uliyelelewa Candlekeep, ngome ya vitabu, na mlezi wako Gorion anakutorosha usiku bila kukueleza sababu. Mapigano hayaendi kwa zamu; yanaenda mfululizo, lakini unaweza kuyasimamisha wakati wowote, ukampa kila mtu amri yake, kisha ukayaachia yaendelee.

Nyongeza yake, Tales of the Sword Coast, ilitoka 1999. Mwaka 2000 ikaja Baldur's Gate II, yenye injini ileile (programu inayouendesha mchezo) iliyokomazwa na kanuni zilizopanuliwa. Mwaka 2012 kampuni ya Beamdog ikatoa Baldur's Gate: Enhanced Edition, ambayo hapa nitaiita toleo jipya. Unapochagua leo, kwa hiyo, unachagua kati ya mchezo wa 1998 kama ulivyo, mchezo huohuo ulioingizwa ndani ya injini ya ile ya pili kwa modi, yaani marekebisho yaliyotengenezwa na mashabiki, au toleo jipya, iwe kwenye kompyuta, tableti, simu au koni (mashine ya michezo inayochezwa kwa kidhibiti).

Toleo la 1998 kama lilivyo

Skrini yake ni pikseli 640 kwa 480. Hili si suala la urembo tu. Dirisha likiwa dogo hivyo unaona kipande kidogo cha ardhi, na mpiga mishale wa adui anaweza kukulenga kabla hujasogeza picha ukamwona. Ipo modi ya kupanua skrini, na sioni sababu ya mtu kuikataa kwenye kompyuta ya sasa, ila ujue kwamba ukiipanua sana watu wanakuwa wadogo kama sisimizi na maandishi yanachosha macho.

Silaha katika toleo hili zimepangwa kwa makundi mapana. Ukijifunza panga kubwa, basi umejifunza panga kubwa zote. Hakuna kupigana kwa silaha mbili, moja kila mkono. Mpiganaji ni mpiganaji, kasisi ni kasisi; hakuna matawi ya ubingwa ndani ya kila taaluma, isipokuwa wachawi wanaobobea katika aina moja ya uchawi. Mishale inabebwa ishirini kwa kila nafasi ya mkoba, kwa hiyo safari ndefu inakuwa hesabu ya nani abebe nini.

Kisha kuna kutembea. Watu sita wakiingia kwenye njia nyembamba wanazibana, anayekosa njia anageuka na kuzunguka upande mwingine wa ramani peke yake, na huko ndiko anakofia. Magofu ya Firewine ndiyo mahali pabaya kuliko pote: vichochoro vinavyopitisha mtu mmoja mmoja, mitego, na kobold, viumbe wadogo, wenye mishale ya moto wakikujia mbele na nyuma. Anayependa toleo la asili hujifunza kuwapeleka watu wake wawiliwawili na kuwa na subira.

Kipo kingine ambacho wengi hawakioni mpaka kimewafikia, nacho ni kikomo cha uzoefu, zile alama zinazompandisha mhusika ngazi. Bila nyongeza ya 1999, mhusika anaishia alama 89,000. Mchawi anahitaji 90,000 kufika ngazi ya nane. Anakwama ngazi ya saba, alama elfu moja tu chini ya mlango. Ukiweka nyongeza, kikomo kinapanda hadi 161,000, mchawi anafika ngazi ya tisa na kupata uchawi wa daraja la tano. Kwa hiyo ukichagua toleo la asili, chukua na nyongeza yake. Bila hiyo unaucheza mchezo uliokatwa juu.

Pamoja na hayo yote, toleo hili lina kitu ambacho yale mengine wameshindwa kukihifadhi kikamilifu: uwiano. Watengenezaji walipanga kila mbwa mwitu na kila jambazi wakijua mchezaji ana zana gani mkononi. Filamu fupi za asili kati ya sura na sura bado zimo pia, ilhali toleo jipya limeweka nyingine za kuchorwa. Mimi nazipenda zile za zamani, hasa ya mwanzo kabisa.

Kanuni za ile ya pili zikiingizwa kwenye ya kwanza

Hapa ndipo penye kiini cha uchaguzi, na nitakaa kidogo.

Baldur's Gate II ilileta matawi ya ubingwa kwa kila taaluma, silaha mbili mikononi, taaluma mpya kama mtawa mpiganaji wa mikono mitupu, na kabila la nusu-orki. Zana hizo zilipangwa kwa ajili ya mashujaa waliokwisha kupanda ngazi nyingi na maadui wenye nguvu zinazolingana nao. Toleo jipya, pamoja na zile modi za zamani, Tutu na BGT, vinazichukua zana hizohizo na kuzirudisha nyuma, mpaka kwa kijana anayetoka Candlekeep na upinde wa kawaida. Maadui wa mwanzo hawakupangwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Tazama hesabu yenyewe. Kila mshambuliaji ana namba iitwayo THAC0, na kila mlengwa ana namba ya kinga. Kwa zote mbili, ndogo ndiyo nzuri. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza ana THAC0 ya 20. Akimshambulia adui mwenye kinga ya 7, dadu ya pande 20 lazima ionyeshe 13 au zaidi. Maana yake, mapigo manne katika kila kumi ndiyo yanayopata. Sasa mpe silaha ya pili, naye anaongeza pigo moja katika kila raundi ya sekunde sita. Ana adhabu kwenye dadu asipokuwa na mafunzo, kweli, lakini katika dunia ambayo adui wa kawaida anaanguka kwa mapigo mawili, kuongeza idadi ya mapigo ni kubadilisha pambano zima.

Mfano mzuri zaidi uko kwenye ngazi za Friendly Arm Inn, ile nyumba ya wageni ambako wapya wengi hukutana na kifo chao cha kwanza. Unafika umechoka, na mtu mmoja anakuuliza maswali kwa upole wa kutilia shaka. Ni Tarnesh, mchawi wa kukodiwa. Anaanza kwa kujizungushia vivuli vyake mwenyewe ili usijue umpige yupi. Halafu anatupa uchawi wa hofu, na kikosi chako kinatawanyika uwanjani hakikusikii tena. Kisha vinakuja vimondo vya kichawi ambavyo havikosi kamwe, na kila kimoja kinaondoa alama za uhai kati ya mbili na tano. Mhusika wako akiwa mchawi wa ngazi ya kwanza ana alama nne, au chache zaidi kama mwili wake ni imara. Fanya hesabu. Na mhusika mkuu akifa, mchezo umekwisha, hata kama wenzake wote wanapumua.

Katika toleo la asili, pambano hilo linakufundisha somo linalokufaa hadi mwisho: mchawi anapigwa mapema, kwa mishale, kabla hajamaliza kutamka. Pigo likimfikia akiwa katikati ya kutamka, uchawi wake unapotea. Unajifunza pia kutawanya watu, na kumtuma mbele asiye na thamani ya mhusika mkuu.

Katika toleo jipya, ukimchagua mpiganaji wa tawi la Berserker, unabonyeza ghadhabu yake kabla ya kumsogelea Tarnesh. Kwa dakika moja hofu haimgusi, wala usingizi, wala kuduwazwa. Anapanda ngazi na kumkatakata. Anaishiwa nguvu kidogo baadaye, lakini pambano limeshapita. Somo lile halikufundishwa. Sisemi kwamba Berserker ni vibaya. Ni mmoja wa wahusika wazuri kuliko wote kwa safari ya michezo yote miwili. Nasema tu kwamba anayeanza naye hatajua kwa nini wenzake wanaisifu sura ya kwanza kwa ukali wake.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji kuacha toleo jipya: chagua taaluma tupu, bila tawi, na usiwekeze kwenye silaha mbili. Mchezo haukulazimishi kutumia kila ulichopewa.

Toleo jipya kwenye kompyuta, na kwenye kioo cha kugusa

Kwa kompyuta, hili ndilo pendekezo langu kwa mtu wa mara ya kwanza. Linafunguka bila mahangaiko, picha inavutwa karibu na mbali, kukusanya vitu vilivyoanguka ardhini kumerahisishwa, na nyongeza ya 1999 imo ndani, kwa hiyo kikomo chako ni 161,000 tangu mwanzo. Msongamano wa watu vichochoroni umepungua ingawa haujaisha. Firewine bado ni Firewine.

Limeongeza wahusika wake: Neera, mchawi ambaye uchawi wake unaweza kugeuka kuwa kitu kingine kabisa, Rasaad, mtawa, na Dorn, nusu-orki asiye na huruma. Wameandikwa kwa mtindo wa miaka ya karibuni. Wanazungumza mara nyingi, wana visa vyao virefu, wanadai usikivu wako. Wale 25 wa asili ni watu wa maneno machache. Tabia zao unaziona kwa wanavyogombana, kwa sentensi mbili tatu njiani, na kwa kuondoka kwao ukiwaudhi. Ukiwachanganya, wapya wanawafunika wa zamani. Kwa safari ya kwanza ningewaacha wote watatu walipo.

Vilevile Siege of Dragonspear, nyongeza ya 2016 inayojaza pengo kati ya mchezo wa kwanza na wa pili. Ina mapigano makubwa ya kuvutia, na kikomo chake ni alama 500,000, kwa hiyo unaingia mchezo wa pili ukiwa na misuli ambayo mwanzo wake haukuitarajia. Hiyo ni ya safari ya pili.

Kwenye tableti mchezo ni uleule, na kwa kuzurura msituni, kusoma mazungumzo na kupanga mikoba, kioo cha kugusa ni raha tupu. Tatizo ni pambano lenye msongamano. Kidole ni kinene kuliko kobold. Unataka kumgusa mchawi wa nyuma, unamgusa mwenzako wa mbele, naye anaacha alichokuwa akifanya. Ukisimamisha mchezo na kuvuta picha karibu kabla ya kila amri, inawezekana kabisa kumaliza safari yote hivyo. Kwenye simu sipashauri, isipokuwa huna njia nyingine: vitufe vinakula nafasi ya ramani. Matoleo ya koni, ya 2019, yamepangwa vizuri kwa kidhibiti, lakini kumlenga mtu mmoja katikati ya kumi bado ni kazi ya mausi.

Jambo la kujua mapema: mchezo uliohifadhiwa kwenye toleo la 1998 haufunguki kwenye toleo jipya. Chagua, kisha ubaki hapo mpaka mwisho.

Modi

Nitakuwa mfupi. Tutu na BGT zilikuwa na maana kubwa kabla ya 2012. Leo kazi yao inafanywa na toleo jipya, na anayetaka kuunganisha michezo yote kuwa safari moja bila kukatika anatumia EET. Kwa anayemiliki faili za asili na anatumia Linux au mfumo mwingine, GemRB ni injini huria inayoziendesha. Modi nzuri kuliko zote kwa mapigano ni Sword Coast Stratagems, inayowafanya maadui wafikiri: wachawi wanajikinga kabla ya kushambulia, wanakunywa dawa, wanaitana. Inafaa sana kwa anayeujua mchezo na amechoka kushinda. Kwa mgeni ni adhabu isiyo na faida, kwa sababu hajui bado pambano la kawaida linafananaje.

Ugumu

Ngazi ya ugumu hufasiriwa kama suala la ushujaa, na wengi huogopa kushusha. Angalia inabadilisha nini hasa. Kwenye ngazi ya kanuni kamili, kila mhusika akipanda ngazi dadu ndiyo inayoamua alama za uhai anazopata. Dadu ya mchawi ina pande nne, naye anaweza kupata moja tu. Akijaribu kunakili uchawi kutoka kwenye karatasi anaweza kushindwa, na karatasi ikishapotea imepotea. Kwenye ngazi ya kawaida, alama za uhai zinatolewa kamili na kunakili hakushindwi.

Katika mazoea, wanaocheza kwa kanuni kamili huhifadhi mchezo kabla ya kupanda ngazi, na dadu ikiwa mbaya wanarudia. Kama utafanya hivyo, na karibu kila mtu hufanya, weka ngazi ya kawaida ujiokolee muda. Kanuni kamili zinafaa kwa aliyeamua kukubali chochote kinachotoka, na hapo zinapendeza mno: mpiganaji dhaifu unamlinda tofauti, unamrudisha nyuma, unampa upinde.

Toleo jipya lina pia ngazi ya hadithi, ambako watu wako hawafi. Anayetaka kisa cha Gorion na mtoto wake bila mapigano kumzuia aitumie bila aibu yoyote. Na iko Legacy of Bhaal, yenye maadui wa uhai mwingi kupita kiasi. Hiyo ni ya wanaojua ramani nzima kwa moyo.

Uende na nani

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kikosi cha watu sita: wewe na watano unaowaokota njiani. Ya pili ni kuunda wote sita mwenyewe kupitia mchezo wa watu wengi, hata ukiwa peke yako. Ya tatu ni kwenda bila mtu.

Alama za uzoefu zinazotokana na kuua zinagawanywa kwa waliopo. Anayekwenda peke yake anazichukua zote, anapanda haraka, na nusu ya pili ya mchezo anakuwa mtu wa kutisha. Lakini anakigonga kikomo cha 161,000 mapema na baada ya hapo hana cha kutarajia ila silaha. Pia ukishikwa na uchawi wa kukugandisha, hakuna wa kukutetea. Ni njia ya kupima ujuzi, na inakunyima mazungumzo yote.

Kikosi cha kuunda mwenyewe kina nguvu na mpangilio, ila kimya chake kinachosha. Mimi nasimama kabisa upande wa wale wa njiani, hata wakiwa na alama mbaya. Imoen anakufuata mapema, na ndiye mwizi utakayemtegemea kufungua mitego. Xzar na Montaron wanajitokeza barabarani. Jaheira na Khalid wanakusubiri Friendly Arm Inn. Hawa ni jozi: ukimwondoa mmoja, mwenzake anaondoka naye. Minsc anataka umwokoe Dynaheir kwenye ngome ya gnoll, viumbe wenye vichwa vya fisi, na ukichelewa sana uvumilivu wake unaisha. Edwin, kwa upande wake, anataka Dynaheir auawe. Huwezi kuwaridhisha wote wawili. Sifa yako nayo inahesabiwa: ikishuka, wema wanakuacha, ikipanda mno, waovu wanakuacha. Maamuzi haya ndiyo yanayoufanya msafara uwe wa kwako, na kikosi cha kubuni hakikupi hata moja.

Kwa mhusika mkuu, mpiganaji mwenye upinde ndiye chaguo la busara. Upinde unatoa mishale miwili kwa raundi, anakaa mbali na hatari, na kumbuka kwamba kifo chake peke yake ndicho kinachofunga mchezo. Nunua silaha ya akiba pia: chuma cha eneo hili kina kasoro, na panga za kawaida hukatika katikati ya pambano. Chanzo chake ndicho kisa cha sura za mwanzo. Ukitaka kuwa mchawi, kuwa mchawi, lakini tumia uchawi wa usingizi kama nafasi yako ya kwanza ya siku; kwenye ngazi za chini hakuna kitu kinachookoa kikosi kama hicho, na hata zimwi la njiani kuelekea Friendly Arm Inn hulala kwa huo.

Kabla ya kutoka Candlekeep, fungua mipangilio na uwashe kusimama kwenyewe adui anapoonekana, na mwenzako anapojeruhiwa vibaya. Viwili hivyo vinatosha. Ukiwasha vyote, mchezo unasimama kila sekunde na mapigano yanapoteza mwendo wake.